Taa ya Njano: Niliyojifunza Baada ya Kuzima Traksheni na ESP kwenye Gari la Spoti

Kwenye dashibodi ya gari langu kuna taa ndogo ya njano, picha ya gari lenye mistari miwili iliyopinda nyuma yake kama nyoka wawili. Kwa miaka miwili niliiona taa ile kama kero. Natoka kwenye kona yenye maji, inapepesa mara mbili, gari linapungua nguvu kidogo, halafu linaendelea. Nikawa najiambia: gari hili lina nguvu za farasi zaidi ya 300, injini mbele, matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma, limeundwa na watu wanaojua mbio, halafu kuna kompyuta inanishika mkono kila nikitaka kulifurahia.

Naandika haya kwa sababu naona watu wakiulizana namna ya kuuzima mfumo huo wa kompyuta unaozuia gari lisiteleze, na majibu wanayopewa ni ya kitufe tu: bonyeza hapa, shikilia, taa ikiwaka basi. Nami nilipewa jibu hilohilo. Hakuna aliyeniuliza kama najua mfumo ulikuwa unafanya nini kila taa ilipopepesa. Ningeulizwa, nisingekuwa na jibu.

Nianze na kitufe chenyewe, maana hata hicho sikukielewa. Kwenye gari langu, na kwenye mengi ya aina yake, ukikibonyeza mara moja na kukiachia unazima traksheni peke yake, yaani kile kipande kinachozuia matairi yasizunguke bure unapokanyaga mafuta. Kipande cha pili, kinachozuia gari lenyewe lisigeuke kuliko ulivyokunja usukani, kinabaki macho. Watengenezaji wanakiita majina tofauti, ESP, DSC, VSC, PSM, lakini kazi ni moja. Kukizima hicho kwenye gari langu ilibidi nisimame kabisa na kukishikilia kitufe kwa sekunde tano.

Mwezi mzima niliendesha nikiwa nimezima traksheni tu. Nikiondoka kwenye taa za barabarani matairi yanalia kidogo. Nikitoka kwenye kona mkia unasogea shubiri moja, nawahi kugeuza usukani, mkia unarudi. Nikaanza kuiamini mikono yangu. Kila mkia uliporudi niliona ni mimi niliyeurudisha. Kumbe kompyuta ilikuwa inabana breki ya tairi moja la mbele chini kwa chini, na ile taa ilikuwa inaniambia hivyo, ila moyo wangu ulikuwa kwenye sifa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, kumepambazuka punde, mvua imekatika lakini lami bado inang'aa. Mdogo wangu alikuwa pembeni yangu, tunakwenda kumsalimia mama. Barabara tupu. Nikasimama kabla ya kipilefti kikubwa ninachokipita kila wiki, nikashikilia kitufe, nikahesabu moja hadi tano. Taa ya njano ikawaka na kutulia, haipepesi tena.

"Hiyo taa ni ya nini, kaka?"

"Tulia. Leo utaliona gari lenyewe."

Niliingia kwa gia ya pili, mwendo wa kawaida kabisa, labda kilomita 45 kwa saa. Nataka hili lieleweke, kwa sababu wengi wanadhani gari huponyoka kwa mwendo mkali tu. Kona nilikuwa nimeifika nusu. Nikaanza kufungua mafuta mapema, usukani bado umekunjwa. Injini yangu ina turbo, kwa hiyo kukawa na kimya kifupi. Nikaongeza mguu. Halafu nguvu yote ikafika kwa mkupuo.

Nililisikia kwanza mgongoni na kwenye nyonga, kabla mikono haijajua chochote. Kiti kilisogea upande kama ngalawa iliyopigwa wimbi la ubavuni. Mlio wa injini ukapanda ghafla, maana difu ya gari langu ni ile inayobana, inayolazimisha matairi mawili ya nyuma yazunguke pamoja, na yote mawili yalikuwa yamepoteza lami kwa wakati mmoja. Nikafanya ambacho mwili usiofundishwa hufanya: nikaachia mafuta yote mara moja. Uzito ukaenda mbele, nyuma ikawa nyepesi, injini nayo ikawa inayakokota yaleyale matairi yaliyokwisha kuponyoka, na mkia ukazidi kutoka. Nikageuza usukani kuufuata mkia. Nilikuwa nimechelewa, na niligeuza mwingi mno. Matairi ya nyuma yaliposhika tena lami, mikono yangu ilikuwa bado imepinda. Gari likarushwa upande wa pili kwa nguvu kuliko mara ya kwanza, na hapo sikuwa na la kufanya tena. Tairi la nyuma kushoto likapiga ukingo wa zege, nikasikia mlio mfupi, mkavu, kama ukuni unaovunjwa gotini. Tukazunguka. Tukasimama tukitazama tulikotoka.

Injini ilikuwa imezimika. Redio ilikuwa inaendelea na matangazo. Mdogo wangu ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili, vidole vimekuwa vyeupe kwenye viungo. Hakulia wala hakunilaumu. Baada ya muda akauliza taratibu, "Kaka, ulikuwa unajua linakokwenda?"

Nikamwambia ukweli. Sikujua.

Kama sekunde kumi baadaye likapita basi dogo limejaa abiria, kwenye njia ileile tuliyokuwa tumeizunguka. Dereva akapunguza mwendo, akatutazama, akaendelea. Kuna usiku ambao bado nalihesabu lile basi, zile sekunde kumi.

Gharama nitazisema wazi. Rimu ilipasuka. Mikono miwili ya sasipensheni ilipinda, beringi ya gurudumu ikafa, na fundi alipoliinua gari akanionyesha kwamba hata fremu ndogo inayobeba sasipensheni ya nyuma ilikuwa imesogea milimita chache. Hizo milimita chache zilitosha gari likatae alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu. Jumla yake ilikula mishahara yangu ya miezi minne, na gari lilikaa gereji wiki saba, sehemu kubwa likisubiri vipuri. Bima ililipa sehemu tu, baada ya kuvutana sana. Walipomaliza kuuliza kama kuna aliyeumia, swali lao la pili lilikuwa hili: mfumo wa uthabiti ulikuwa umewashwa?

Niliwajibu kweli, nawe ukifika hapo jibu kweli. Magari mengi ya sasa yana kinasa matukio kinachofanya kazi pamoja na mifuko ya hewa, na moja ya taarifa kinachoweza kuzihifadhi ni hali ya mfumo huo wakati wa kugonga: umewashwa, umezimwa, au ulikuwa kazini. Usome mkataba wako wa bima mapema, hasa sehemu inayohusu viwanja vya mbio, kwa sababu bima nyingi za kawaida hazigusi kabisa yanayotokea humo.

Somo la kwanza la maana nilipewa na yule fundi. Aliniuliza matairi ya mbele nimeyabadilisha lini. Miezi miwili, nikasema. Na ya nyuma? Nikanyamaza. Akachukua kipimo kidogo cha bapa, akakichomeka kwenye mifereji ya tairi la mbele: milimita 7. Akaenda nyuma: milimita 2 na kitu. Sheria za nchi nyingi zinaruhusu mpaka milimita 1.6, kwa hiyo kisheria nilikuwa salama. Lakini tairi la milimita 2 halina nafasi ya kutosha ya kuyapitishia maji. Nilikuwa nimebadilisha ya mbele kwanza kwa sababu ya nyuma ni mapana na ghali zaidi, nikaona yatangoja.

Kosa hilo linafanywa na watu makini kabisa, na kwenye gari linalosukumwa na matairi ya nyuma ni kosa baya mara mbili. Matairi yenye mifereji mizuri yakae nyuma. Mbele ikiteleza, gari linakataa kona na kwenda moja kwa moja, na ukipunguza mwendo mara nyingi linashika tena. Nyuma ikiteleza, gari linazunguka. Isitoshe matairi yangu yalikuwa bado hayajapata joto, tumetoka nyumbani dakika chache tu. Raba ya matairi ya spoti inahitaji joto ili ishike, na yale ya majira ya joto hupungua sana mshiko hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Yote haya kompyuta ilikuwa inanifichia. Kila wiki nilikuwa naendesha gari lenye tatizo la matairi, na ile taa ilikuwa inapepesa zaidi na zaidi kadiri raba ilivyolika. Mimi nikaona taa ndiyo yenye tatizo.

Gari likiwa gereji nilianza kutafuta kujua hasa nilizima nini. Jambo moja lilinikaa kichwani na halijatoka. Mimi nina pedali moja ya breki, nikiikanyaga zinabana zote nne. Ule mfumo unaweza kubana tairi moja peke yake. Una sensa kwenye usukani inayousomea nia yako, sensa kwenye kila gurudumu inayopima linavyozunguka, na sensa nyingine katikati ya gari inayopima linavyogeuka na linavyosukumwa ubavuni. Bosch husema mfumo wake unalinganisha mambo hayo mara 25 kwa sekunde. Nia na gari vikipishana, unaingia. Mkia ukitaka kutoka, unabana tairi la mbele la upande wa nje wa kona na kulirudisha gari kwenye mstari. Mbele ikikataa kukata kona, unabana la nyuma la upande wa ndani. Pamoja na hayo unapunguza nguvu ya injini. Hakuna dereva yeyote duniani, hata bingwa, mwenye miguu ya kufanya hivyo.

Teknolojia yenyewe si ngeni. ABS ya kielektroniki ya Bosch, ile inayozuia magurudumu yasigande unapokanyaga breki kwa nguvu, iliingia kwenye Mercedes-Benz za S-Class mwaka 1978, na ESP ikafuata mwaka 1995 kutoka kwa haohao wawili. Mwaka 1997 gazeti la magari la Sweden, Teknikens Värld, lilijaribu Mercedes-Benz A-Class kwa kulikwepesha ghafla kana kwamba kuna mnyama barabarani, gari likapinduka. Baada ya hapo kampuni ikaiweka ESP kwenye kila A-Class, na kuanzia hapo ikaanza kusambaa hata kwenye magari madogo. Marekani iliifanya lazima kwa magari mapya kufikia modeli za 2012, na Umoja wa Ulaya kwa magari yote mapya mwaka 2014. Taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima ya Marekani, IIHS, imeona kwamba mfumo huu unapunguza kwa karibu nusu hatari ya ajali ya vifo inayohusisha gari moja peke yake. Niliposoma hilo nililiona tena lile basi.

Najua hoja ya upande wa pili, maana niliitumia mwenyewe: madereva wa kweli hawahitaji haya, hata Formula 1 ilipiga marufuku traksheni kuanzia msimu wa 2008. Ni kweli iliipiga marufuku, ili uwezo wa dereva uonekane. Lakini wale wako kwenye matairi yaliyopashwa moto kabla ya kuondoka, kwenye njia isiyo na gari linalokuja mbele, na wameanza kuendesha wakiwa watoto. Mimi nilikuwa na raba ya milimita 2 na mdogo wangu pembeni.

Miezi mitatu sikuweza kuliendesha kwa raha. Nikikaribia kipilefti mikono inatoka jasho. Nilifikiria kuliuza. Kilichonirudisha ni kujiandikisha siku moja ya mafunzo kwenye uwanja wenye duara la lami linalomwagiwa maji, na ningejua mapema ningefanya hivyo kabla ya kununua hata zulia la gari. Ada ya siku nzima ilikuwa chini ya bei ya tairi moja la nyuma.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini. Hakutupa maneno mengi ya mwendo. Alinikalisha kwenye gari la shule, mfumo umezimwa, akasema nizunguke lile duara kwa kilomita 35 kwa saa na niongeze mafuta kidogo kidogo. Kilomita 35 tu, na katika majaribio kumi ya mwanzo gari liliponyoka na kuzunguka mara nane. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwenye maji hakuna "mwendo mdogo" wa kujifariji.

Alinionyesha nilichokuwa nakosea, na kilikuwa kilekile cha ile Jumapili. Macho kwanza. Kila gari lilipoanza kuteleza nilikuwa naitazama koni ya plastiki niliyoogopa kuigonga, na kila mara nikaigonga. Mikono hufuata macho. Ukitazama unakotaka kwenda, usukani unageuka kiasi kinachotakiwa bila wewe kupiga hesabu. Halafu mguu. Mafuta hayaachiwi kwa mshtuko; yanapunguzwa kama mtu anayeondoa mguu kwenye mgongo wa mtoto aliyelala. Kuachia ghafla ndiko kunakoifanya nyuma kuwa nyepesi. Tatu, na hili ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote: kurudisha usukani. Kuugeuza kuufuata mkia watu wengi tunajua. Kuunyoosha kabla mkia haujarudi ndiyo kazi. Mtelezo wa pili, ule wa upande mwingine, ndio unaovunja magari, na unatokana na mikono iliyochelewa kunyooka. Na mwisho, ikifika mahali gari limekwisha kukushinda, kanyaga klachi na breki kwa pamoja mpaka chini, ushikilie mpaka lisimame kabisa. Ukiachia breki katikati, matairi yanashika ghafla na gari linaruka kuelekea lilikogeukia wakati huo, na huwezi kujua ni wapi.

Jioni, kabla hatujaondoka, alikaa kwenye gari langu. Akaniambia niwashe mfumo wote na nizunguke. Taa ikapepesa. Akasema, "Ikipepesa ujue kuna kosa ulilifanya nusu sekunde iliyopita. Niambie ni lipi." Sikujua. Tukazunguka tena, ikapepesa tena. "Mafuta mapema, usukani haujanyooka," nikasema. "Endelea," akasema.

Zoezi hilo ndilo ninalompa kila anayeniuliza habari za kitufe. Kabla hujafikiria kuuzima mfumo, uache umewashwa na uhesabu. Mara yangu ya kwanza kwenye uwanja wa mbio, kipindi cha dakika 20, tulihesabu mipepeso 31, mwalimu akiwa pembeni na kalamu. Sikuwahi kudhani inafika kumi. Kila mpepeso ukapata jina: huu ni mafuta kwa pupa, huu ni breki niliyoivuta mpaka ndani ya kona, huu ni usukani niliouchapa badala ya kuukunja. Mara ya nne kwenda tulihesabu mitatu. Kwa hesabu hiyo, na hiyo tu, ndipo mwalimu alipokubali nihamie hali ya spoti, ile ya katikati inayouacha mkia usogee kidogo kabla mfumo haujaingilia. Kama gari lako lina hali hiyo ya katikati, ishi humo muda mrefu. Watu wanairuka kama si kitu, na mimi naona ndiyo zawadi kubwa zaidi mtengenezaji aliyokupa.

Uwanjani nilijifunza pia kwamba kuna sababu ya kweli ya kiufundi ya kuuzima. Baada ya siku ile ya kwanza nilisikia harufu kali ya kuungua upande wa nyuma, na pedi za nyuma zilikuwa zimeliwa kuliko za mbele, jambo lisilo la kawaida. Mfumo ulikuwa unabana breki kila mara kunirekebisha, na joto likajikusanya. Oili ya breki ya DOT 4 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 hivi, lakini ikishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka 155. Ikichemka, pedali inazama kama umekanyaga sponji. Kwa hiyo badilisha oili ya breki kabla ya kwenda uwanjani, na kama breki zinanuka pumzika mzunguko mmoja wa polepole. Ila nakuomba utazame mpangilio wa mambo: pedi zangu ziliungua kwa sababu nilikuwa naendesha vibaya. Mipepeso ilipopungua, na harufu ikaisha, mfumo ukiwa bado umewashwa.

Nilizima kila kitu kwa mara ya pili maishani mwaka mmoja na miezi miwili baada ya ajali. Uwanja mkavu, matairi manne yanayolingana, mizunguko miwili ya kuyapasha moto, na nilianza kwenye kona moja tu ya polepole yenye nafasi pana ya nje. Nilichokiona kilinigusa sana. Gari lilikuwa linaongea. Niliweza kusikia tairi la nyuma likianza kuchoka kabla halijaponyoka, mlio unaobadilika kutoka kuguna kwenda kulia, na mguu ukapunguza wenyewe. Mkia ukatoka kidogo, nikaufuata, nikanyoosha, ukarudi. Safari hii nilijua aliyeurudisha. Nilipotoka nikatazama saa: nilikuwa polepole kwa sekunde mbili nzima kuliko nilipokuwa na mfumo. Sikujali hata kidogo.

Mambo machache niliyotamani ningeyajua kabla ya yote haya. Soma kitabu cha gari lako ukurasa wa mfumo huu mpaka uuelewe, kwa sababu magari hayafanani. Kuna ambayo hata ukizima, ukikanyaga breki kwa nguvu mfumo unarudi. Kuna ambayo ukizima umezima kweli. ABS mara nyingi inabaki, kwa hiyo usidhani gari limerudi kuwa la zamani. Kwenye matope, mchanga au theluji, gari likikwama na matairi hayazunguki kwa sababu traksheni inakata nguvu, zima traksheni, jinasue, washa tena. Vivyo hivyo fundi akilipandisha kwenye roli za kupimia nguvu. Hizo ni sababu halali na hazina ujasiri wowote ndani yake.

Barabara ya watu wote sizimi tena, hata ikiwa tupu, hata ikiwa kavu. Na abiria simpakii nikiwa nimezima, isipokuwa mwalimu.

Mdogo wangu alikubali kuja uwanjani mwaka huu, akakaa nje ya uzio siku nzima. Jioni akasema atarudi nami. Kabla ya kutoka getini nilisimama, nikazima injini, nikaiwasha upya, maana kwenye gari langu mfumo hujirudisha wenyewe kila linapowashwa. Taa zote za dashibodi zikawaka, zikaanza kuzimika moja moja. Akainama kwangu kuitazama ile ya njano mpaka nayo ikazimika.

"Imezimika," akasema. "Maana yake umewaka?"

"Umewaka."

Akafunga mkanda.